Kitanda Ndicho Mgeni wa Heshima

Ofisi ya Muigai, ghorofa ya pili karibu na Mtaa wa Tom Mboya, ilikuwa na kompyuta mbili. Ile iliyokaa karibu na mlango ilikuwa ya kuchapa: barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, mikataba ya nyumba za kupanga, na barua za mapenzi za watu wazima walioonea haya mwandiko wao. Ya pili ilikaa pembeni, chini ya kalenda ya mwaka 2006, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na hiyo ndiyo aliyoipenda Selpher Omollo. Kitambaa alikifuma mama yake. Kompyuta aliinunua Muigai, siku aliyosikia redioni kwamba biashara isiyo na tovuti itakufa, akaingiwa na hofu.

Sasa hofu ilikuwa imemtoka. Miezi minane ilipita na tovuti iliyotengenezwa ilikuwa moja tu, ya kanisa dogo la Kawangware, na hata hiyo mchungaji mwenyewe alikuwa hajaiona kwa kuwa hakujua inafunguliwa wapi. Alimwambia Selpher kwamba ameipokea kwa imani.

"Hii mashine nilinunua ifanye kazi, si ivae vitambaa," Muigai alimwambia Selpher Jumatatu moja asubuhi, amesimama mlangoni na mwavuli wake. "Nakupa mpaka mwisho wa Agosti. Kama hutakuwa umeleta watu wawili wanaotaka tovuti, naiuza. Kuna mwalimu wa kule mjini Kikuyu ameiulizia mara mbili."

"Wawili, bosi?"

"Wawili. Wakikosa, wewe unarudi kwa ile ya mlangoni."

Hebu jiweke kwenye viatu vyake. Selpher alikuwa na miaka ishirini na saba. Kutengeneza tovuti alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa saa alizokaa kwenye saiba, duka la intaneti, akimsumbua mwenye duka kwa maswali mpaka jamaa akawa anajificha akimwona. Na sasa anatishiwa kurudishwa kwenye ratiba za mazishi. Saa nne, mwili kuwasili. Saa nne na nusu, maombi. Saa tano, wasifu wa marehemu. Alikuwa amezichapa nyingi hivi kwamba usiku mmoja aliota anachapa yake, tena mtu anamwambia arekebishe jina. Alisema ndiyo bosi, akaenda kukaa.

Mteja wa kwanza alimpata kwa mama yake. Mama Rael aliuza mboga Dagoretti Corner, kando ya mafundi wanaopanga vitanda na makabati yao kwenye Barabara ya Ngong, na wateja wake wakubwa wa parachichi walikuwa hao mafundi. Siku moja mwenyekiti wao, Jamleck Karanja, alimwambia akichagua parachichi kwamba mambo yamekuwa makubwa. Kuna mama wa Lavington, Wangeci Muchiri, anageuza jumba lake liwe nyumba ya wageni. Vyumba arobaini, kwa hiyo vitanda arobaini. Naye amesema hana muda wa kuzunguka kwenye vumbi akipigiwa kelele na mafundi. Anataka aonyeshwe vitanda kwenye intaneti, na Ijumaa ya tarehe kumi na nane Agosti ataamua.

"Binti yangu hutengeneza hiyo kitu," Mama Rael alisema, akamwongezea parachichi moja bure.

Tena kulikuwa na habari tamu zaidi. Huyo Wangeci mwenyewe alihitaji tovuti ya nyumba yake ya wageni, na alikuwa amemwambia Jamleck kwa simu kwamba atakayemfurahisha kwa hiyo ya vitanda ndiye atampa kazi. Selpher alihesabu kwa vidole: Jamleck, mmoja; Wangeci, wawili. Kompyuta ya pembeni imeokoka. Jioni hiyo, kwenye chumba walichopanga Mutuini yeye na mama yake, alikula ugali akicheka peke yake.

Tusimpake mafuta. Mwanzoni hata yeye alitaka kuonyesha ufundi. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na theluji. Ndiyo, theluji ilidondoka juu ya vitanda vya Dagoretti, nyeupe, pole pole, na maneno mekundu yalipita chini yakiwakawaka. Alimwonyesha mama yake karatasi aliyochapa, akamweleza habari ya theluji kwa mikono.

Mama Rael aliitazama karatasi, akaendelea kukata sukuma wiki. "Nyara," akasema, akimwita binti yangu kwa Kijaluo kama alivyozoea, "mimi nikipanga meza yangu asubuhi, mbele naweka nini?"

"Nyanya."

"Na mimi nakaa wapi?"

"Nyuma ya nyanya."

"Nimewahi kukaa mbele yake nikaimba?"

Kesho yake Selpher alifuta theluji yote. Akabakiza picha moja kubwa ya kitanda, bei chini yake, namba ya simu, na maelezo ya mahali mafundi walipo. Ukitaka vitanda vingine unabonyeza, unaviona. Picha alizipunguza uzito ili zifunguke upesi hata kwenye mtandao wa polepole unaopita kwenye waya wa simu. Aliufungua ukurasa pale saiba, ukafunguka kabla hajavuta kiti, na alijisikia vizuri kabisa.

Sasa tuje kwa Jamleck Karanja. Huyu mzee aliwahi kuwa karani wa chifu kwa miaka ishirini na miwili, na ingawa sasa alikuwa na karakana ya makabati, mbao kwake zilikuwa kazi ya mikono tu. Kazi ya moyo wake ilikuwa ratiba. Kuanzia Mutuini hadi Kawangware hapakufanywa harambee, harusi wala uzinduzi wa choo cha shule ambapo Jamleck hakushika kipaza sauti kwa mkono mmoja na karatasi kwa mkono wa pili. Alijua nani akae mbele na nani nyuma, na nani atavimba asipotajwa. Aliwahi kuzuia chakula cha harusi kwa saa mbili kwa sababu diwani mstaafu alikuwa hajasalimia watu. Wali ulipoa na bibi harusi alilia, lakini itifaki ilizingatiwa.

Kamati ilikutana karakanani kwake. Wajumbe saba walikaa juu ya viti ambavyo havijapakwa vanishi, wakaanza kwa maombi, wakatambulishana ingawa walikuwa wameshinda pamoja tangu asubuhi, halafu Selpher akaruhusiwa kutoa karatasi yake. Ilipita mkono kwa mkono kimya kimya, ikamfikia Mwenyekiti mwisho kama inavyotakiwa. Jamleck alivaa miwani.

"Ni kazi nzuri," alisema. "Lakini, msichana wangu, hapa naona kitanda."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Kitanda ndicho kimeanza."

"Kwa sababu ndicho Madam anatafuta."

Jamleck alitabasamu vile mtu hutabasamu akiona mtoto amevaa viatu kinyume. "Hebu nikuulize. Katika shughuli hii yetu, mgeni wa heshima ni nani?"

"Si ni Madam Wangeci?"

"Madam ni hadhira. Mgeni wa heshima ni kitanda." Aliwaangalia wajumbe mmoja mmoja. "Sasa niambieni, ni wapi mmewahi kuona mgeni wa heshima akisimama wa kwanza, kabla ya watu kusalimiana, kabla hata hajakaribishwa? Huko ni kukidharau kitanda."

Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Mweka Hazina alisema kweli, huko ni kukidharau. Katibu akaandika kwenye kumbukumbu kwamba kitanda kisidharauliwe.

Selpher alikuwa na jibu, na lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi. Alitaka kusema kwamba mtu wa harambee huvumilia hotuba kwa sababu amebanwa katikati ya safu na chakula hakijaja, lakini mtu aliye mbele ya kompyuta hajabanwa na yeyote. Akichoka anaondoka kwa kidole kimoja, na hutajua kwamba alikuja. Hilo ndilo alilotaka kusema. Lakini wanaume saba, wote wakubwa kuliko baba yake, walikuwa wanamtazama, na yeye aliona kwa akili yake mwalimu wa Kikuyu akitoka na kompyuta kwapani. Kama kamati ingemkataa, hata huyo mteja mmoja asingekuwepo.

"Sawa, Mwenyekiti," akasema.

Tovuti ikajengwa upya kwa mujibu wa ratiba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa sala, na ukifunguka tu kwaya inaanza kuimba, hutaki unataka. Ukurasa wa pili Mweka Hazina aliwasalimia wageni, akasema hana mengi ya kusema, akayasema kwa mistari arobaini, kisha akamkaribisha Katibu. Katibu, ukurasa wa tatu, alitoa historia ya umoja wa mafundi tangu walipokuwa watatu, akamkaribisha Makamu. Makamu alimkaribisha Mwenyekiti. Mwenyekiti alichukua ukurasa wa tano wote, pamoja na wasifu wake na shule ya msingi aliyosoma, akamkaribisha Mlezi wa umoja, diwani mstaafu yuleyule wa wali uliopoa. Ukurasa wa saba ndio uliokuwa na vitanda. Namba ya simu iliwekwa ukurasa wa nane, ndani ya neno la shukrani.

Na usidhani ungeweza kuruka. Selpher alipendekeza angalau kuwe na kijinjia cha pembeni cha kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye vitanda. Jamleck alishtuka kweli kweli. Alisema huko ni kupita mbele ya meza kuu watu wakiwa wanahutubu.

Halafu kukawa na suala la picha. Kila mjumbe alipigwa studioni, suti na tai, nyuma yake maporomoko ya maji yaliyochorwa ukutani. Picha ya Jamleck ilitakiwa iwe kubwa na isipunguzwe uzito, kwa sababu neno lenyewe la kupunguzwa hakulipenda. Kitanda kilipopigwa picha, Jamleck alikikalia, katikati, mikono magotini. Ulichoweza kuona cha kitanda ni miguu miwili na pembe ya ubao wa kichwani.

Jumamosi moja Selpher alikuwa hapo barabarani akimaliza hizo picha, ndipo mzee mmoja akamwita kwa mkono. Jina lake Macharia, na vitanda vyake vilikuwa mwisho wa safu, karibu na pale magari yanaposimama jam ikishika. Hakuwa kwenye tovuti. Kila fundi aliyetaka kutajwa alipaswa kuleta picha amevaa tai, na Macharia hakuwa na tai.

"Mimi nilitoka kwa hiyo umoja," alisema akimpa Selpher kigoda na kikombe cha chai. "Mkutano ilianza saa nane. Saa kumi na mbili bado tunatambulishana. Nikawaambia gundi yangu inakauka." Akamwonyesha ubao mweupe na kopo la rangi. "Mkono yangu ni mbaya kwa kuandika. Niandikie hapa."

"Niandike nini, mzee?"

Macharia alielekeza kidevu kwenye magari. "Angalia huyo wa gari nyeupe. Amesimama. Anaangalia huku. Sasa ile ya mbele imesonga, ameenda. Umeona alikaa muda gani?"

"Kidogo tu."

"Kama kupumua mara tatu. Nimewaangalia miaka tisa. Andika kile ataona akipumua hizo tatu, ya nne hayuko."

Selpher alikunywa chai yake yote. Kisha alichukua burashi. VITANDA VYA MTI MGUMU. HAVILII. BEI MOJA KWA WOTE. MACHARIA, na namba yake ya simu, kubwa kuliko jina. Alitaka kuongeza karibuni nyote, akaacha. Macharia alikisogeza kitanda chake kizuri zaidi mbele, akasimamisha ubao kando yake ili usikizibe, akarudi kupiga randa. Ilimchukua Selpher dakika kumi, na malipo yalikuwa ile chai.

Akiondoka alikuwa amekasirika na hakujua amemkasirikia nani. Au tuseme alijua sana. Alikuwa amejikasirikia yeye mwenyewe.

Ijumaa ikafika. Wangeci Muchiri alikuwa amesema ataifungua tovuti mwenyewe ofisini kwake, katikati ya jiji, akipata nafasi. Jamleck alisema haiwezekani mgeni kuingia peke yake bila wenyeji, kwa hiyo kamati nzima ilivaa suti zilezile za studioni na kwenda kumsindikiza kuitazama. Selpher alikuwa nyuma yao. Wangeci, mama mnene mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, hakuwa amejiandaa kwa wanaume saba, lakini aliwakaribisha, akabonyeza.

Kwaya ikaanza. Wangeci aliruka kidogo kitini, akatafuta mahali pa kuizima, hapakuwepo. Ilibidi aombe sala ya ukurasa wa kwanza mpaka chini ndipo apate pa kuendelea. Akamsoma Mweka Hazina nusu. Akamruka Katibu na Makamu kwa macho. Mtandao ulikuwa mzito asubuhi hiyo, na alipofika kwa Mwenyekiti ukurasa ukawa mweupe, halafu juu kabisa ukatokea mstari mwembamba mweusi.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni kofia yangu, Madam," Jamleck alisema. "Nakuja."

Picha ilishuka mstari kwa mstari. Ikaja kofia yote. Yakaja maji ya maporomoko kulia na kushoto. Likaja paji la uso. Chai ililetwa na ikanywewa. Macho ya Mwenyekiti yalipotokea, Wangeci aliangalia saa yake.

"Na vitanda viko wapi?"

"Vinakuja, Madam. Tuko namba tano kwa ratiba."

Ilipofika kwenye pua, simu ya Wangeci iliita. Alizungumza kidogo, akasimama, akashika mkoba. Aliwashukuru kwa kuja, akasema atawapigia, na Selpher, ambaye alikuwa amesema hivyo hivyo kwa watu wengi maishani mwake, alijua kwamba hatawapigia. Kwaya ilikuwa bado inaimba walipotoka.

Kwenye ngazi Jamleck alimgeukia. "Tovuti yako imetuangusha," alisema kwa huzuni ya kweli. "Ilikuwa nzito sana."

Selpher alimtazama, machozi yakimlengalenga, akasema pole, Mwenyekiti. Aliomba msamaha kwa kofia ya mtu.

Jumapili baada ya kanisa mama yake alimsubiri amalize kula ndipo akamwambia. Ijumaa jioni jam ilikuwa imeshika Barabara ya Ngong yote. Gari moja kubwa la bluu lilisimama mbele ya Macharia. Akashuka mama mmoja mnene, miwani kifuani, akaingia kwenye vumbi kwa viatu vyake vizuri, akakikalia kile kitanda, akaruka ruka juu yake mara mbili tatu watu wakimtazama, akasikiliza.

"Hakikulia," Mama Rael alisema. "Amechukua vyote arobaini kwa Macharia."

Selpher alifurahi kwa ajili ya yule mzee, tena alifurahi kwa moyo wote. Halafu alienda nje nyuma ya nyumba, akakaa juu ya ndoo akalia mpaka akachoka. Wiki iliyofuata Macharia, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kutengeneza vitanda arobaini, aligawia mafundi wengine kazi. Mmoja wao alikuwa Mweka Hazina, ambaye safari hii kweli hakuwa na mengi ya kusema.

Alhamisi, siku ya mwisho ya Agosti, mwalimu wa Kikuyu alikuja na katoni. Muigai hakutaka kuwapo, alijifanya ana shughuli benki. Selpher alikitoa kitambaa juu ya kompyuta ya pembeni, akakikunja mara nne, akakitia kwenye mkoba. Mwalimu, mtu mpole, aliinama chini ya meza, akachomoa waya na kuanza kuukunja.

Hapo mlango ukafunguliwa na Wangeci Muchiri akaingia akihema kwa ajili ya ngazi.

"Natafuta Selpher wa Mutuini," alisema. "Macharia ameniambia anafanya kazi hapa. Nataka yule aliyeandika ubao." Halafu akamwona vizuri. "Ngoja. Wewe si ulikuwa na wale wazee wa kwaya?"

"Ni mimi, Madam."

"Ile sherehe ni wewe uliitengeneza?"

"Ni mimi."

"Na ubao?"

"Pia ni mimi."

Wangeci alivuta kiti cha wateja wa ratiba za mazishi, akakaa. "Sasa mbona mtu mmoja anafanya vitu viwili hivyo?"

Selpher angeweza kusema ni kamati. Ilikuwa kweli, na mtu yeyote angemwelewa. "Kwa ubao niliandika nilichojua," akasema. "Kwa ile ingine niliogopa."

Wangeci alicheka, mwili wote ukacheka, akasema yeye hupenda mtu anayejua alikosea wapi, na kwamba kazi ya nyumba ya wageni ni yake, aanze leo. Mteja wa pili alikuwa amekaa mbele yake, tarehe thelathini na moja, saa tano asubuhi. Mwalimu chini ya meza aliacha kukunja waya, akabaki amechuchumaa, asijue kama aendelee.

"Nimekuja na kila kitu," Wangeci alisema, akafungua mkoba. Akatoa picha. Ilikuwa yake mwenyewe, kubwa, ya rangi, amevaa kofia ya harusi ya dada yake, mkono chini ya kidevu. Nyuma ya picha akatoa karatasi nne zilizoandikwa pande zote mbili. "Ianze na mimi. Hii hotuba yangu ya kuwakaribisha inafuata. Mchungaji wangu pia ana neno fupi. Mume wangu naye usimsahau, atavimba. Halafu vyumba vije."

Chini barabarani makanga wa matatu waliita abiria wa Kawangware.

Selpher aliitazama ile picha. Akatazama kompyuta, iliyokuwa uchi bila kitambaa, na waya mkononi mwa mwalimu. Sawa Madam ilikuwa tayari mdomoni, imezoea njia.

"Madam," akasema, "ile Ijumaa kwa jam. Kama Macharia angekuwa amekaa mbele ya kitanda chake, ungeshuka kwa gari?"

Wangeci aliishika picha yake kwa mikono miwili akaiangalia kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeaga.

"Hata ikiwa ndogo?" akauliza.

"Hata ikiwa ndogo. Tutaiweka mwisho, na simu yako itakuwa mbele."

"Na hotuba?"

"Hotuba uwasomee wakishafika."

Wangeci alivuta pumzi. Selpher, bila kujua, alikuwa anahesabu: moja, mbili, tatu. Wangeci alizirudisha karatasi nne mkobani, kisha picha, taratibu, uso ukiangalia ndani. Akainama akachungulia chini ya meza.

"Mwalimu," akasema, "chomeka hiyo waya."

Mwalimu akachomeka. Kompyuta ilinguruma, ikakohoa, ikawaka. Selpher hakukirudisha kitambaa kwanza. Alisogeza kiti, akafungua ukurasa mpya, na katikati yake, kwa herufi kubwa, akaandika VYUMBA.